Ziwa Kivu: Maji, Nishati na Hewa Inayoua



Mtaalamu anayealikwa na chuo kikuu kutoa mhadhara juu ya maji, nishati na sayansi ya ardhi hahitaji kutafuta mfano mbali. Ziwa Kivu, lililo mpakani mwa Rwanda na Kongo, linayo yote matatu. Mihadhara ya namna hiyo husikilizwa na wanafunzi pamoja na walimu wao, kisha hubaki ukumbini. Hata hivyo yuko mtu mwingine apasaye kuisikia, naye ni askari, kwa kuwa siku ya balaa yeye ndiye anayetumwa mbele.

Kivu lina kina cha meta 485 hivi, na jirani yake ni volkano ya Nyiragongo. Katika maji yake ya chini imeyeyuka hewa ya ukaa inayokadiriwa kuwa kilometa za ujazo 300, na gesi ya methani kilometa za ujazo 60. Maji hayo ya chini yana chumvi nyingi na ni mazito, kwa hiyo hayapandi kuchanganyika na maji ya juu. Uzito wa maji ya juu nao huikandamiza gesi isitoke, kama kizibo kinavyoizuia soda ndani ya chupa. Kandokando ya ziwa hilo wanaishi watu wapatao milioni mbili.

Kizibo cha namna hiyo kilipata kufunguka nchini Kamerun. Mwezi Agosti 1984, watu 37 walikufa karibu na Ziwa Monoun, wengi wao wakiwa njiani. Walikuwapo walioshuku kwamba ni hujuma. Mwanasayansi Haraldur Sigurdsson alilichunguza ziwa hilo, akaona kwamba muuaji alikuwa hewa ya ukaa iliyofumuka kutoka majini. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1987. Kwa bahati mbaya, tarehe 21 Agosti, 1986, Ziwa Nyos la nchi hiyo hiyo lilikuwa limekwisha kufumuka usiku na kuua watu zaidi ya 1,700. Kuanzia mwaka 2001 maziwa hayo yametiwa mabomba ya kutoa gesi kidogo kidogo.

Kwa upande wa Kivu, gesi hiyo ni mali pia. Tangu mwaka 1963 methani ilianza kuvutwa huko Rubona ikatumiwa na kiwanda cha bia cha Gisenyi. Mwishoni mwa mwaka 2015 mtambo wa KivuWatt, wenye uwezo wa megawati 26, ulianza kuuza umeme nchini Rwanda. Bomba huteremshwa zaidi ya meta 300. Maji yakianza kupanda gesi hutoka povu, na povu hilo ndilo linaloyavuta maji yanayofuata. Methani ikishatengwa, maji hurudishwa kilindini. Hapo ndipo penye kazi ya uangalifu, maana maji yakirudishwa mahali pasipofaa huweza kuvuruga matabaka ambayo ndiyo usalama wenyewe wa ziwa. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2020 havikuonyesha kwamba gesi inaongezeka kwa kasi, na bado iko mbali na kiwango cha kufumuka yenyewe. Wasiwasi ni msukosuko mkubwa kutoka nje.

Msukosuko huo si wa kufikirika. Mwezi Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, lava ikapita katikati ya mji wa Goma na kuingia ziwani. Matabaka hayakuvurugika. Tarehe 22 Mei, 2021 ililipuka tena, na siku tano baadaye gavana wa kijeshi aliamuru mitaa kumi ya Goma ihamwe, kwa hofu ya lava iliyokuwa chini ya mji na ya ziwa. Watu laki kadhaa waliondoka kwa miguu na kwa magari, wengine wakielekea Sake na wengine Rwanda. Kazi ya kuongoza msafara kama huo si ya profesa.

Aidha, iko hatari ndogo ya kila siku, ambayo wenyeji wa Goma huiita mazuku. Ni hewa ya ukaa itokayo ardhini na kutuama mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Askari wa Tanzania walifika nchi hiyo mwaka 2013 katika Brigedi ya Umoja wa Mataifa, pamoja na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi. Na askari popote alipo huchimba handaki na kulala bondeni ajifiche. Penye mazuku, bonde ndilo kaburi. Anayemwona mwenzake ameanguka shimoni akaruka kumwokoa huanguka juu yake. Kitambaa chenye maji hakisaidii. Wala kinyago cha kawaida cha kuchujia gesi hakisaidii. Anayeshuka lazima awe na mtungi wake wa hewa ya kuvutia pumzi, na wasio nao wapande mahali pa juu.