NANI ALISEMA "PUNDA MILIA" SI JINA?



Huko darasani kuna mjadala ambao haujaisha tangu muhula wa kwanza. Wenzetu fulani hudai ati Kiswahili ni lugha maskini. Ushahidi wao ni punda milia. Wao husema, "Waingereza wana neno moja tu, 'zebra', nasi tunaungaunga kama fundi aliyeishiwa na mbao!" Watu hucheka, na hata sisi wanachama wa Kiswahili hunyamaza. Leo nawajibu kwa kalamu.

Kwanza kabisa, hilo "zebra" si la Waingereza. Zamani katika nchi za Ureno na Uhispania kulikuwa na mnyama wa mwituni, wa jamii ya punda na farasi, aliyeitwa "zebro" au "zebra". Wataalamu wengi huona kwamba jina hilo lilitokana na neno la Kilatini lenye maana ya farasi mwitu. Mnyama huyo aliwindwa na akatoweka. Basi Wareno, wale wale waliofika Mombasa na Malindi mwaka wa 1498, walipomkuta mnyama wetu huku Afrika wakamvika jina la yule wa kwao. Kwa hivyo anayesema "zebra" amesema punda wa mwitu tu, milia hata hajaitaja! Sisi angalau tumetaja na nguo alizovaa.

Haya, twende kwa twiga. Wagiriki wa kale walimwita "kamelopardalis", yaani ngamia-chui: umbo la ngamia, madoa ya chui. Waingereza nao walimwita "camelopard" kwa miaka mingi, kabla ya kuzoea "giraffe", neno lililotoka kwa Waarabu wasemao "zarafa". Ngamia-chui hajafa lakini. Jina la kisayansi la twiga hadi leo ni Giraffa camelopardalis, muulizeni mwalimu wa Bayolojia. Kiswahili kinasema twiga, silabi mbili, basi. Sasa ni nani anayeungaunga?

Kiboko je? "Hippopotamus" ni Kigiriki, maana yake farasi wa mto. Jamani, farasi! Wajerumani humwita "Nilpferd", farasi wa mto Naili. Kifaru naye, kwa Kigiriki na kwa Kijerumani pia, jina lake ni pembe ya puani. Na msinikumbushe bata mzinga. Ndege huyu asili yake ni Amerika, lakini Waingereza walimpa jina la Uturuki, Wafaransa wakasema ni wa India, Wareno wakamwita "peru" kama ile nchi. Waturuki wenyewe humwita "hindi". Kila mtu anamsukumia jirani!

Lakini jina linalonivutia kuliko yote ni la dubu. Lugha nyingi za Ulaya zilitokana na lugha moja ya kale sana, nayo ilikuwa na neno lake la dubu. Wagiriki walilirithi wakasema "arktos", Warumi wakasema "ursus". Wale waliokwenda kaskazini, kwenye misitu yenye dubu wengi, hawakubaki nalo. Kwa nini? Wataalamu wengi wanasema ni hofu. Mwindaji aliogopa kumtaja mnyama huyo kwa jina lake, asije akasikia akaja. Ikabidi wamzunguke kwa maneno. Warusi wakamwita "medved", yaani mla asali. "Bear" la Waingereza na "Bär" la Wajerumani huelezwa na wengi kuwa maana yake ni yule wa rangi ya hudhurungi.

Nilipomsimulia nyanya yangu habari hizi, hakushangaa hata kidogo. Kwetu nyumbani, jua likishatua, nyoka haitwi nyoka. Huitwa kamba. Ukisahau ukamtaja, utakemewa kabla hujamaliza sentensi.

"Kwani ulidhani ni sisi tu tunaoogopa?" akaniuliza.

Tofauti ni kwamba sisi asubuhi tunamwita nyoka tena. Wao walilificha lile neno lao la dubu usiku na mchana, mpaka watoto wao wakakua bila kulisikia.