Mto Ukipanda Usiku, Nani Awaambie Wakazi wa Silanga?

Masika ya 2024 yaliwakuta wakazi wengi wa kingo za mito ya Nairobi wamelala. Picha nyingi zilitoka Mathare na Mukuru, lakini Kibera nayo ilifurika. Kufikia wiki ya kwanza ya Mei mafuriko yalikuwa yameua watu zaidi ya 200 nchini kote. Serikali ikaamuru kila anayeishi ndani ya mita 30 kutoka ukingo wa mto ahame, na tingatinga zikafuata.

Katika vurugu hizo jambo moja halikuzungumzwa vya kutosha: maji yanayoingia Kibera hayaanzii Kibera. Mto Motoine hushuka kutoka upande wa Dagoretti, ukapita karibu na uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, ndipo ufike mitaa ya Lindi na Silanga ndani ya Kibera na kuingia katika Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 na ambalo leo limejaa tope, taka na magugu maji. Kawangware iko juu zaidi, na vijito vya upande huo navyo huteremsha maji kuelekea mjini. Tangu mvua inyeshe huko juu hadi maji yabishe hodi huku chini, kuna muda. Ni mfupi, lakini mama akiupata atambeba mtoto, atachukua kitambulisho na vitabu vya shule, na kupanda penye usalama. Kwa sasa muda huo unapotea kwa sababu hakuna anayeutazama mto saa nane za usiku.

Mto unaweza kutazamwa bila mtu kukaa kando yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, wakiwemo Ciira wa Maina na Jason Kabi, wameunda kifaa cha bei nafuu cha kupima kina cha mto. Kinafungwa juu ya maji, mathalani darajani. Kinatoa sauti isiyosikika na binadamu, kisha kinapima mwangwi umechukua muda gani kurudi, kama afanyavyo popo. Maji yakiwa mita mbili chini yake, sauti huenda na kurudi kwa takriban sehemu 12 za elfu za sekunde. Maji yakipanda, muda hupungua. Kipimo hicho ni tarakimu chache tu, kwa hiyo redio ndogo inayotumia umeme kidogo mno inaweza kukirusha kilomita kadhaa hadi kwenye kituo kilichounganishwa na intaneti.

Kituo cha kupokea mawimbi nacho si cha kutafutwa mbali. Paa za Kibera zina antena tayari. TunapandaNET, mtandao wa jamii uliotokana na Tunapanda Institute, unaunganisha shule na vituo vya vijana bila waya. Kampuni ya poa! imekuwa ikiuza intaneti ya bei nafuu Kibera na Kawangware. Antena zinazompa mwanafunzi masomo zinaweza pia kubeba habari za mto, na gharama itakayoongezeka ni ndogo.

Lakini kipimo peke yake hakimwokoi mtu. Kule Kyuso, Kitui, zaidi ya miaka kumi iliyopita, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vifaa katika mipini ya pampu za mkono. Pampu ikinyamaza, habari zilifika kwa njia ya simu. Kabla ya hapo pampu iliyoharibika ilikaa takriban siku 27 bila kutengenezwa. Baadaye muda huo ulishuka chini ya siku tatu. Kilicholeta tofauti hiyo, pamoja na kifaa, ni kikosi cha mafundi kilichokuwa na wajibu wa kwenda kila habari ilipofika. Bila wao, wanakijiji wangebaki na pampu mbovu inayojulikana kuwa mbovu.

Nairobi ina mwanzo wa kikosi cha aina hiyo. Mradi wa DARAJA, uliowakutanisha Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na mashirika ya Kounkuey Design Initiative na Resurgence, ulichukua utabiri uliojaa istilahi na kuufikisha mitaani kwa lugha ya watu, kupitia redio, ujumbe wa simu na viongozi wa mtaa. Utabiri huo husema mvua itanyesha. Unachohitaji sasa ni mwenzake atakayesema: Motoine umepanda nusu mita, tokeni.

Nasisitiza pia kwamba vijana wa Silanga, na wa Gatina huko Kawangware, walipwe kuvilinda na kuvisafisha vifaa hivyo vya kupima mto. Kifaa kisicho na mwenyewe mtaani hakidumu, na mkazi hatakiamini kilio cha chombo ambacho hakumwona mtu akikifunga.

Serikali ya Kaunti ya Nairobi na Mamlaka ya Rasilimali za Maji zifunge vipimo vya kwanza juu ya Motoine kabla ya masika yajayo, na zitangaze hadharani jina la ofisa atakayepokea simu mto ukipanda usiku.