Kabla Hamjamlipa Mwalimu wa Karate



Tuliitwa na kikundi kimoja cha akina mama wanaouza omena, upande wa ufuo kutoka Kisumu kuelekea Asembo. Tulifikiri ni mambo ya kawaida ya vitabu vya hesabu. Kumbe walikuwa na swali lingine. Wenzao wawili walikuwa wamevamiwa alfajiri, katika njia ya kuteremka ziwani. Mmoja alinyang'anywa pesa za kununulia samaki. Wa pili alishikwa mkono, akavutwa kwenye matete, akapona kwa sababu alipiga kelele na boda boda akatokea. Sasa kijana mmoja alikuwa amewajia na kusema atawafundisha karate, shilingi 500 kwa kila mama kwa mwezi, na kwa miezi mitatu kila mmoja atakuwa na mkanda mweusi. Kikundi kilikuwa tayari kufungua sanduku.

Mama mmoja mwenye wajukuu alituuliza, "Nyathina, kwani mimi na magoti haya nitarusha teke?" Watu walicheka, lakini hilo ndilo swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo, na tunaliandikia hapa kwa sababu tunajua vikundi vingine pia vinalo.

Tuanze na huo mkanda mweusi. Mkanda katika karate, judo au taekwondo ni cheti cha mazoezi ya miaka. Mwanafunzi anayejitahidi huchukua miaka mitatu, minne, au zaidi. Anayewaahidi mkanda kwa miezi mitatu anawauzia kitambaa. Tuliwaambia akina mama hivyo, na wengine walinuna kidogo, maana kijana yule alikuwa mtoto wa kijiji.

Sasa, michezo yenyewe. Karate ilitoka kisiwa cha Okinawa huko Japani. Inafundisha ngumi, mateke na kukinga, na sehemu kubwa ya mazoezi ni hatua zilizopangwa ambazo mtu anazirudia peke yake mpaka mwili uzishike. Inaleta nidhamu na pumzi nzuri. Ubaya wake kwa anayeanza ni kwamba anaweza kufanya hatua hizo mwaka mzima bila kushikwa hata mara moja na mtu anayetaka kweli kumshinda. Siku ya taabu mwili unashangaa. Ukiona darasa ambalo watu hawagusani kamwe, jua ni mazoezi mazuri ya viungo, lakini usiyategemee njiani.

Taekwondo ni ya Korea, na nguvu yake iko katika mateke. Vijana wetu wanaipenda, na Kenya imepeleka wachezaji kwenye Olimpiki: Faith Ogallo alituwakilisha Tokyo, michezo iliyofanyika mwaka 2021. Kwa msichana wa shule mwenye miguu myepesi ni mchezo wa kuvutia. Lakini mfikirie mama mwenye leso kiunoni, ndoo kichwani, amesimama kwenye matope ya ufuoni. Teke la juu hapo litamwangusha yeye mwenyewe kabla ya adui.

Judo ilianzishwa na Mjapani Jigoro Kano mwaka 1882. Haina ngumi. Ni kushikana, kuangushana na kubanana chini. Inafaa sana kwa sababu wanawake wengi wanaovamiwa hushikwa na kuvutwa, hawapigwi ngumi kwanza. Tena inamfundisha mtu kuanguka bila kuumia, jambo ambalo hata mzee atalihitaji siku ya utelezi. Shida ni kwamba inataka mikeka minene na mwalimu aliyesoma kweli, na hao vijijini ni adimu. Msijaribu kuangushana kwenye sakafu ya saruji ya ukumbi wa kanisa. Tafadhali.

Lakini wazee wetu watauliza, si hata sisi tulikuwa na olengo? Ndiyo. Mieleka ya Wajaluo ilichezwa na vijana, mchangani, bila mkanda wala ada. Mtoto aliyekua akipigana mieleka na ndugu zake anajua kitu ambacho karatasi haifundishi: uzito wa mtu mwingine ukoje, na namna ya kujinasua mtu akikushika kiunoni. Kikundi cha vijana chenye mzee anayekumbuka olengo kina mwalimu tayari nyumbani.

Halafu kuna ndondi. Wazazi wengi wanaiogopa, wanasema ni ya wahuni. Sisi tunaona, kwa anayeanza na mwenye pesa kidogo, ndiyo njia ya karibu zaidi. Vifaa ni vichache: glavu, kamba ya kuruka, gunia lililojazwa matambara. Mafunzo ya kwanza ni kusimama vizuri, kurudi nyuma, kukinga kichwa, na kutoganda mtu anapokuja. Huko kutoganda ndiko tunakotaka. Na msiseme ni ya wanaume. Conjestina Achieng, binti wa Gem kule Siaya, alijulikana Afrika nzima kwa ngumi zake aliposhinda taji la kimataifa mwaka 2004. Tahadhari ni moja tu: mapigo ya kichwa yanaharibu ubongo, hivyo anayejifunza kwa ajili ya kujikinga hana haja ya kupigwa kichwani kila wiki. Apige gunia, apige kiganja cha mwenzake chenye glavu, inatosha.

Mnaona basi kwamba jina la mchezo si jambo kubwa. Mwalimu ndiye jambo kubwa. Nendeni mkamtazame akifundisha mara mbili kabla ya kutoa shilingi. Je, anawaruhusu kuangalia? Anayefunga mlango, mwacheni. Je, wanafunzi wanafanya mazoezi na mwenzao anayekataa kidogo, au wote wanaanguka wakiguswa tu? Je, anapomshika msichana kumwonyesha jambo, anaomba ruhusa kwanza, na kuna mtu mzima mwingine pale? Hili la mwisho tunalisema kwa uchungu. Tumekaa na binti aliyeumizwa na mtu aliyepewa kazi ya kumfundisha kujilinda. Watoto wasifundishwe na mwalimu mmoja peke yake, hata akiwa ndugu wa katekista.

Na kama hakuna mwalimu kabisa? Hapo tutazame kwa wenzetu wa Nairobi. Huko Korogocho, akina nyanya wameonekana wakifanya mazoezi ya kujikinga, wengine wamepita miaka 70, wakipiga mto wa mazoezi na kupaza sauti. Hawarushi mateke ya sinema. Wanajifunza kusema "Hapana!" kwa sauti ya kuamsha jirani, kupiga pua, koo au sehemu za siri kwa kiganja, kiwiko au goti, kisha kukimbia. Na katika shule za mitaa ya mabanda ya Nairobi, wasichana walifundishwa namna hiyo kwa masaa 12 tu, yaani vipindi sita vya masaa mawili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kabla ya mafunzo wasichana 17.9 katika kila 100 walisema walibakwa au kushambuliwa kimapenzi ndani ya mwaka, na baada yake 11.1. Zaidi ya nusu ya waliofundishwa walisema wameshatumia walichojifunza kumzuia mtu. Ni maneno ya wasichana wenyewe, hakuna aliyekuwa pale kuhesabu, lakini masaa 12 kwa matokeo kama hayo si mchezo.

Jambo moja katika mafunzo yale liliwagusa sana akina mama wetu wa omena. Wasichana hawakufundishwa juu ya mgeni wa gizani tu. Walifundishwa juu ya mpenzi, jirani, mjomba, kwa sababu mara nyingi anayeumiza ni mtu anayejulikana. Tulipofika hapo, ukumbi ulinyamaza. Kisha mmoja akasema wazi kwamba ufuoni kuna wavuvi ambao hawakuuzii samaki mpaka ulale nao. Kila mtu wa ziwani anaijua jaboya, ila haisemwi mkutanoni. Sasa mkanda mweusi utafanya nini pale? Hakuna. Pale dawa ni kununua pamoja kama kikundi, kupeleka jina la mtu huyo kwa kamati ya ufuo, BMU, mkiwa wengi, na kuwa na pesa ya akiba ili usiende kwa mvuvi ukiwa umepiga magoti.

Kuhusu sheria. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 17, inatambua haki ya kujitetea, ila nguvu unayotumia ilingane na hatari iliyopo. Ukimpiga akaanguka, ukapata nafasi, ondoka. Ukirudi na jiwe akiwa chini, umeshavuka mpaka. Na kumchoma mwizi moto si kujikinga, ni kuua.

Ikiwa mtu amebakwa, kimbieni hospitali kwanza, kabla ya kuoga wala kufua nguo. Nguo ziwekwe kwenye karatasi, si kwenye mfuko wa plastiki. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi lazima ianze ndani ya masaa 72, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyofaa. Kwa Kisumu, hospitali kubwa ya Jaramogi, ile tunayoiita Russia, inawapokea. Muuguzi ajaze fomu ya matibabu ya aliyebakwa, polisi watoe P3. Simu ya bure ya msaada ni 1195, na ya watoto ni 116.

Kikundi chetu kiliamua hivi. Kijana wa mkanda mweusi aliambiwa asante. Pesa zilinunua filimbi na tochi, na kijana mwingine anayecheza ndondi anakuja Jumamosi mbili kwa mwezi, mama mmoja wa jumuiya akiwepo wakati wote. Hakuna anayeteremka ziwani peke yake tena. Wanakutana kwenye mwembe wa njia panda saa kumi na nusu alfajiri, na asiyefika anapigiwa simu kabla hawajaondoka. Yule mama wa magoti ndiye mwenye kushika filimbi kubwa. Anasema teke hawezi, lakini pumzi anayo.