Gari Likizidi Mbio, Litasimama Vipi?

Wako wengi miongoni mwetu, wenye mishahara ya kawaida, ambao baada ya kuweka akiba kwa miaka kadhaa hujaliwa kununua gari moja kuukuu kutoka Japani. Furaha ya miezi ya kwanza haina mfano. Kisha siku moja jirani hupita na gari lililotiwa ekzosi pana, linalonguruma kama simba, na mtu huanza kuliona gari lake kuwa ni kobe. Hapo ndipo hamu ya kulitia nguvu inapoingia. Na kwa kuwa fedha za kumlipa fundi hazipo, mtu huazima spana na kuanza kazi mwenyewe uani.

Sisemi haya kwa kuwacheka wengine, maana mimi ni mmoja wao. Nilisomea ualimu, sikusomea ufundi, na kazi yangu ya sasa ni ya ofisini. Gari langu ni Toyota Corolla ya mwaka 1996, lenye injini ya lita 1.5, ambayo ilipokuwa mpya ilikuwa na nguvu za farasi wapatao 100. Mwaka 2023 nilikuwa nimejiwekea akiba ya shilingi 900,000, nami nikaazimia kununua vitu vitatu: ekzosi pana, kichujio cha hewa cha wazi kinachokaa ndani ya boneti bila kasha, na springi fupi za kulishusha gari. Mama watoto alipoisoma orodha ile aliniuliza swali moja tu: "Baba watoto, likizidi mbio, litasimama vipi?"

Nilitabasamu, wala sikumjibu.

JEKI SI NGUZO

Jumamosi ya kwanza nilianza na springi. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Nililiinua gari kwa jeki iliyokuja nalo, juu ya udongo mtupu, nikafungua gurudumu la mbele. Nati moja ikaniponyoka na kubingirika chini ya gari. Mwanangu wa miaka saba, ambaye alikuwa amejipa cheo cha msaidizi wa fundi, akalala kifudifudi, akaingiza kichwa na mkono, akaitoa.

Alikuwa amekwisha kusimama, akiifuta tope nati hiyo kwa shati lake, jeki ilipozama upande mmoja na gari likaanguka kwa kishindo. Diski ya breki ilichimba shimo mahali pale pale kilipokuwa kichwa chake. Tangu alipotoka hadi gari lilipoanguka, sidhani kwamba ulipita muda wa kuhesabu hadi kumi.

Mtoto alicheka, akidhani kwamba ni mchezo. Mimi niliketi chini kwa sababu miguu ilikataa kunibeba.

Kishindo kile kilimleta jirani yetu, sajini mstaafu wa jeshi, ambaye kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kutunza malori. Hakunikaripia. Alilitazama shimo, akamtazama mtoto, kisha akaiokota orodha yangu na kuisoma taratibu.

"Mwalimu," akasema, "umeanza kitabu kwa ukurasa wa mwisho."

Somo lake la kwanza lilikuwa juu ya kuinua gari, nami nalitoa hapa kama nilivyolipokea. Gari huinuliwa juu ya saruji au ardhi ngumu iliyo sawa. Kabla ya kuinua, vuta breki ya mkono, tia gia ya kwanza, na uweke vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu yatakayobaki chini. Nati za gurudumu zilegezwe kidogo gurudumu lingali chini. Jeki ni chombo cha kuinulia, si nguzo ya kushikilia. Gari likishainuka, lilazwe juu ya stendi za chuma zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, chini ya sehemu imara zilizoonyeshwa katika kitabu cha gari. Matofali hayafai, kwa kuwa hupasuka ghafla bila ya kutoa onyo. Mwisho, lisukume gari kwa mikono. Likitikisika, lishushe uanze upya.

Watoto nao wawe na mpaka. Sajini alichora mstari kwa kijiti uani, akamwambia mwanangu: "Askari huyu analinda hapa." Mtoto akakaa nyuma ya mstari na kopo la nati, akiona fahari kuliko awali.

BREKI KWANZA

Jumamosi iliyofuata, kwa stendi mbili zilizonunuliwa kutoka katika akiba yangu, tulifungua magurudumu ya mbele, mara hii kwa kukagua tu. Pedi za breki zilikuwa zimebaki nyembamba kama sarafu. Mpira mmoja wa breki, ule unaopeleka mafuta kwenye gurudumu, ulikuwa na nyufa ukiupinda kwa vidole. Mafuta ya breki yenyewe yalikuwa meusi kama chai ya mkandaa.

Ndugu msomaji, gari hilo ndilo nililotaka kulitia mbio, na ndani yake huketi mke wangu na watoto wangu.

Hapa nilikumbuka fizikia niliyofundishwa chuoni. Nguvu ya mwendo inayobebwa na gari haikui sawasawa na kasi. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu hiyo huwa mara nne. Hata kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, breki hutakiwa kumeza nguvu inayozidi ile ya awali kwa zaidi ya nusu. Nguvu hiyo yote hugeuka kuwa joto kwenye pedi na diski. Kwa hiyo mtu anayeongeza mbio bila kutengeneza breki anaazima deni asilokuwa na njia ya kulilipa.

Mafuta ya breki nayo yana siri yake. Hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za joto, lakini yakisha kunyonya maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Yakichemka katika mteremko mrefu hutoa mvuke, na mguu wa dereva huzama hadi sakafuni pasipo gari kupunguza mwendo.

Kubadili pedi ni kazi ambayo mwanafunzi aweza kuifanya akisimamiwa mara ya kwanza. Kwangu ilichukua asubuhi nzima. Mambo manne nisiyoyasahau ni haya. Kwanza, ile sehemu inayobana pedi isiachwe ining'inie kwenye mpira wa breki. Ifungwe kwa waya. Pili, vumbi la breki lisipulizwe, kwa kuwa pedi za zamani huenda zina asbesto; lipanguswe kwa kitambaa kilicholowa maji, na kitambaa hicho kisirudi nyumbani kufuliwa pamoja na nguo. Tatu, mafuta wala grisi visiguse uso wa pedi au diski. Nne, na hili ndilo huwaangusha wanaoanza: kabla ya kuliondoa gari, kanyaga breki mara kadhaa hadi iwe ngumu mguuni, kwa maana mara ya kwanza huzama, na wako waliolitambua hilo walipokwisha kugonga ukuta wa nyumba zao.

Mipira ya breki na mafuta sikuvigusa mwenyewe. Sajini ndiye aliyebadili, nami nikikanyaga na kuachia kwa amri yake hadi hewa yote ilipotoka. Nati za magurudumu zikakazwa kwa kuvuka kutoka upande hadi upande wa pili, kisha zikakazwa tena baada ya mwendo wa kilomita 50.

PUMZI NA CHECHE

Baada ya hapo ndipo tuliporudi kwenye injini. Sajini hakuniruhusu kununua kitu chochote cha kuongeza nguvu kabla ya kurudisha ile iliyopotea.

Kichujio cha hewa kilikuwa kimeshiba vumbi la miaka. Plagi nne zilikuwa zimelika ncha hata mwanya wa cheche ukapanuka. Vyote hivyo huuzwa kwa bei ambayo mtu wa kawaida huimudu, na kuvibadili hakuhitaji ufundi mkubwa. Plagi hutolewa injini ikiwa imepoa kabisa. Mpya hupimwa mwanya kulingana na kitabu cha gari, nayo huingizwa kwanza kwa vidole, bila spana, hata ishike njia yake. Kichwa cha injini ni cha alumini, na ukilazimisha utaharibu nyuzi zake, upate gharama iliyo kubwa kuliko akiba yako yote. Tukamwaga na oili ya zamani, tukatia mpya pamoja na kichujio chake.

Nilimwuliza kuhusu kile kichujio cha wazi nilichokitamani. Akanifungulia boneti injini ikiwa moto, akaniambia niweke mkono juu yake. Kichujio kisicho na kasha huvuta hewa hiyo ya moto, na hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko hewa ya nyuzi 30. Injini huendeshwa na uzito wa hewa inayoingia, si kwa mlio wake. Nasi tunaoishi Kampala na kandokando yake, kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, tumekwisha kupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya hewa kabla hata ya kuwasha gari. Kuipasha moto ile iliyobaki ni kujinyang'anya mara ya pili.

Ekzosi pana nayo, katika injini ndogo ambayo haijabadilishwa kitu kingine, huongeza kelele zaidi kuliko nguvu. Ikifungwa vibaya, moshi wake huweza kupenya ndani ya gari, na moshi huo una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, iwezayo kuua familia iliyosinzia. Kwa sababu hiyo hiyo, injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa milango.

Vijana husema kwamba hayo ni maneno ya wazee. Basi na watazame mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kwa kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 yalishindwa na Joginder Singh akiwa na nduguye Jaswant, kwa gari aina ya Volvo PV544 ambalo halikuwa jipya: lilikuwa limekwisha kutumika katika mashindano hayo mwaka uliotangulia. Joginder alikuwa fundi wa magari, akijua afya ya kila nati. Katika barabara zile, mwenye gari lenye nguvu nyingi hakuwa na faida yoyote iwapo gari lake halikufika mwisho.

MAMBO YA KUMWACHIA FUNDI

Si kila kazi ni ya uani. Springi ya mbele hukaa imebanwa kwa nguvu kubwa mno; kuifungua bila chombo chake maalumu ni sawa na kuchezea mtego, nayo yaweza kuruka na kuua. Wale wanaozikata springi kwa msumeno ili kulishusha gari hulifanya ligonge chini kwenye kila shimo, na springi yenyewe yaweza kutoka mahali pake. Turbo, mabomba ya petroli na mifuko ya hewa ya usalama pia si kazi ya mtu anayeanza. Aidha, kabla ya kubadili umbo au nguvu ya gari, waulize watu wa bima na polisi wa usalama barabarani, usije ukajengea gari ambalo sheria hailitambui.

Fedha zilizobaki katika zile 900,000 zilitosha kununua tairi mbili mpya. Ubavuni mwa tairi zipo tarakimu nne zinazoeleza lilipotengenezwa: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji mmoja alitaka kuniuzia, kama mpya, tairi lenye umri mkubwa kuliko mwanangu. Nilizozinunua zilifungwa nyuma, kama wanavyoshauri watengenezaji wa matairi, ili mkia wa gari usiteleze kwenye barabara yenye maji.

Mwisho wa mwezi tulikwenda Jinja, sote watano. Gari lilipanda vilima kwa wepesi niliokuwa nimekwisha kuusahau. Katika msitu wa Mabira, mvua ikianza, mwenye pikipiki alijitokeza ghafla mbele yetu kutoka nyuma ya lori. Nilikanyaga breki. Gari liliinama, likashika barabara, likasimama moja kwa moja bila ya kuyumba. Mwenye pikipiki akainua mkono, akaenda zake.

Kwa muda hakuna aliyesema neno. Kisha mama watoto akanigeukia. "Sasa umenijibu," akasema.

Basi, ndugu askari, na wewe mwenzangu wa ofisini, hamu ya kulitia gari nguvu si dhambi, na umaskini wa mfuko si kizuizi. Lakini anza na stendi, kisha breki, kisha matairi, kisha afya ya injini. Ukifika huko, na fedha zikiwa bado zipo, ndipo uitazame tena orodha yako. Yangu ningali ninayo, imekunjwa ndani ya kitabu cha gari, na mpaka leo sijaona sababu ya kuifungua.