Wekundu usiotoka: skafu za sufu za Chinchero

Huko Chinchero, karibu na Cusco nchini Peru, zaidi ya mita 3,700 juu ya usawa wa bahari, wanawake hufuma skafu kwa sufu waliyoisokota na kuitia rangi wenyewe. Skafu nyekundu iliyotiwa rangi vizuri ikifuliwa, maji hubaki karibu meupe. Wekundu huo umeshikwa na nini?

Tuanze na sufu. Unywele wa kondoo umeundwa kwa keratini, protini iliyomo pia katika nywele na kucha zetu. Apakaye hina anaijua tabia yake: kiganja hupauka ngozi inapobambuka, lakini ukucha hubaki na rangi mpaka uote na kukatwa. Hina hushikana na keratini bila msaada. Rangi nyingi za asili haziwezi hivyo. Manjano ya mchuzi ikidondokea kanzu hudhaniwa haitatoka kamwe, kumbe ikianikwa juani hufifia. Kwa hiyo neno “asilia” peke yake si dhamana.

Kabla ya rangi kuna kazi mbili. Sufu huoshwa kwa povu la mzizi uliokwaruzwa, maana penye mafuta ya kondoo rangi haiingii. Kisha husokotwa kwa pia, kijiti chenye kigurudumu kidogo upande wa chini, na msokotaji aweza kuwa anatembea nyuma ya mifugo. Nyuzi mbili zilizosokotwa kuelekea upande mmoja huunganishwa kwa kusokotwa upande wa pili. Kila uzi unataka kujisokotoa, na huko kujisokotoa ndiko kunakoufunga na mwenziwe. Wasokota kamba za usumba wa Unguja wataitambua kanuni hii mara moja.

Wekundu wenyewe hutoka kwa kochinili, mdudu mdogo aishiye juu ya mpungate. Majike hukusanywa, hukaushwa na kusagwa. Ndani yao mna asidi ya kaminiki. Sufu ikichemshwa na unga huo mtupu, sehemu kubwa ya rangi huondoka na maji. Hapo ndipo shabu inapohitajika, jiwe lile lile ambalo vinyozi hupaka kidevuni baada ya kunyoa. Shabu ina alumini, na alumini hushika keratini upande mmoja na rangi upande mwingine, kama mshenga anayekubalika kwa familia zote mbili. Moto nao una adabu yake: sufu ikibadilishiwa joto ghafla na kukorogwa kwa nguvu, magamba ya nywele zake hukamatana, ikasinyaa na isirudi tena.

Mfumaji akimponda mdudu mbichi kiganjani, utomvu hutoka mwekundu wa damu. Akikamulia limau, kiganja kinageuka rangi ya chungwa papo hapo. Madini mengine huupeleka wekundu huo kwenye zambarau. Mdudu ni mmoja. Kilichobadilika ni kilichochanganywa naye. Ndiyo maana ujuzi huu ni wa vipimo, nao hupotea wazee wanapoondoka bila kuufundisha.

Kufuma huja mwisho. Nyuzi za urefu, mtande, hufungwa mtini upande mmoja na kiunoni mwa mfumaji upande wa pili. Akiegemea nyuma zinakazika, akiinama zinalegea. Nakshi imo ndani ya mtande, na mshindio unaopita kati karibu hauonekani.

Mwaka 1856, mkemia William Perkin alipata rangi ya zambarau kutokana na lami ya makaa ya mawe huko London, na rangi za viwandani zikaenea hadi Andes. Ni rahisi, na nyingi kati yake hushika vizuri sana. Ili ujuzi wa zamani usipotee, mwaka 1996 Nilda Callañaupa Alvarez, mzaliwa wa Chinchero, alishiriki kuanzisha kituo cha ufumaji wa jadi mjini Cusco, ambako wazee hurithisha ujuzi wao kwa vijana.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, uimara wa rangi si sababu ya kutosha ya kulipa zaidi. Kiwanda nacho kinaweza. Kinacholipiwa ni kazi. Mnunuzi humwona mfumaji sokoni na kukadiria siku alizokaa akifuma, lakini siku za kuosha, kusokota na kuchemsha hazioni. Bei ya haki ianze kuhesabiwa pale pia iliposhikwa mara ya kwanza.