Kabla ya Kuruka Uturuki, Kaeni Kwanza Mezani!

Kozi ya Kituruki imefika mwisho. Daftari limejaa, vitenzi vimekaririwa, tiketi ipo mkononi. Hongera! Lakini hebu tuulizane: ukikaribishwa nyumbani kwa Mturuki, ukawekewa bakuli la supu mbele yako, utasema nini?

Hapo ndipo wengi hubaki wanatabasamu tu kama picha ya pasipoti. Ushauri wetu ni huu: somo la mwisho lisifanyike ubaoni, lifanyike mezani. Awepo mwalimu, wawepo wanafunzi wote na, tafadhali sana, awepo yule mpenzi wako ambaye hasafiri. Sababu utaiona.

Kila mtu na sufuria yake

Msiogope gharama, maana karibu kila kitu kipo sokoni. Mercimek çorbası ni supu ya adesi nyekundu, kitunguu na karoti, inakamuliwa limau juu. Köfte ni ndugu wa kofta zetu. Ayran ni mtindi uliopigwa na maji na chumvi kidogo. Pilav ni wali mweupe wa siagi, hivyo anayesubiri pilau ya Idd yenye mdalasini na bizari atashangaa! Gawaneni kazi: huyu supu, yule wali, wengine saladi.

Sheria iwe moja tu: hakuna kuomba kitu kwa Kiswahili. Unataka chumvi? Sema "tuz, lütfen". Umesahau? Basi kula hivyo hivyo, kesho hutasahau.

Maneno ya ndugu, lakini...

Raha ya Mswahili ni kwamba Kiarabu kilipita kwetu na kwao pia. Kitap, saat, dünya, sabun, hesap: hapo huhitaji kamusi. Ila ndugu hawa wana vituko vyao. Kwetu mkubwa ndiye anayejibu "marahaba" baada ya shikamoo. Kwao "merhaba" ni salamu ya kawaida, hata kijana anaanza nayo. Nane si 8, ni mnanaa. Ukiambiwa mje "saat yedi", yaani saa ya 7, usitafsiri haraka ukafikiri ni saa saba. Kwa hesabu yetu hiyo ni saa moja, na supu itapoa wakikusubiri.

Neno tunalolipenda zaidi ni "misafir". Utadhani ni msafiri, na asili yake ni hiyo hiyo, lakini kwao lina maana ya mgeni. Yaani uliyetoka safari, kwao tayari wewe ni mtu wa kukaribishwa.

Usikasirike, hajakusonya

Hili linaweza kuharibu siku. Mturuki anaweza kusema hapana kwa kuinua kidevu na kutoa mlio mfupi wa ulimi. Kwetu mlio huo unafanana na kusonya, na kusonya ni tusi. Lifanyieni mazoezi pale pale mezani, "Ongeza wali?" "Tsk!", mpaka mcheke na lisiwaume tena.

Aliyepika mwambieni "elinize sağlık", afya kwa mikono yako. Yeye atajibu "afiyet olsun", ambapo bila shaka umeisikia afya tena. Kisha inakuja chai ya rangi, kwenye bilauri ndogo yenye kiuno. Ukimaliza unaongezewa, ukimaliza unaongezewa! Ukishatosheka, laza kijiko juu ya mdomo wa bilauri. Wataelewa.

Na anayebaki je?

Sasa tuje kwenye lenyewe. Ufadhili wa serikali ya Uturuki, unaojulikana kwa jina la Türkiye Bursları tangu mwaka 2012, kwa kawaida huanza na mwaka mzima wa lugha kabla ya masomo yenyewe. Kwa hiyo shahada ya miaka 4 inakuwa safari ya miaka 5. Kwa wapenzi, hiyo si likizo. Mwenzako atarudi na maneno usiyoyajua, na vichekesho ambavyo ukiviuliza maana vinapoa. Umbali wa namna hiyo hauonekani kwenye ramani, na ndio unaovunja wengi.

Ndiyo maana tulisema aje mezani. Akijua "afiyet olsun", akijua kwa nini umeinua kidevu, anakuwa ndani ya safari, si mlangoni akipunga mkono. Na kuna habari njema: tangu mwaka 2016 Uturuki imeacha kurudisha saa nyuma wakati wa baridi, hivyo majira ya Istanbul ni sawa na ya Dar es Salaam na Nairobi mwaka mzima. Mkikubaliana kula pamoja kwa simu ya video saa mbili usiku, ni saa mbili kwenu wote. Hakuna wa kusingizia usingizi!

Malizieni kwa kahawa. Kwa mila yao, siku ya posa binti humtilia mchumba chumvi kwenye kahawa, naye hutakiwa kuinywa bila kukunja uso. Jaribuni, halafu muulizane kwa dhati: tutaiweza hii miaka? Ni afadhali mjibizane mkiwa na sahani mbele yenu kuliko uwanja wa ndege mkiwa na machozi.

Haya, iyi yolculuklar. Safari njema!