Mshale Uishie Uwanjani

Tangu zamani uta na mshale vimekuwa silaha za Msukuma. Kwa silaha hizo mchungaji alilinda ng'ombe wake, na mwindaji akajipatia kitoweo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipozidi katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi, wanavijiji waliunda Sungusungu, wakashika uta na mishale kulinda mali yao. Na mwaka 1989 sheria ya nchi ikautambua ulinzi huo. Basi hatuwezi kuwalaumu vijana wa Maswa wanaopenda kujifunza shabaha. Ujuzi wa mababu ni mali, na mlinzi asiyejua kulenga ni hatari kwa wenzake.

Lakini twauliza: mshale uliokosa shabaha huangukia wapi?

Swali hili si dogo. Bunduki ikilia, jirani hujua kwamba watu wanapiga shabaha, akajitenga. Mshale hauna mlio. Ukilengwa juu kidogo waweza kuruka zaidi ya mita 100, na ukigonga jiwe au ardhi kavu ya kiangazi hugeuza njia. Huko unakokwenda yupo mama anayetoka kisimani, yupo mtoto anayechunga ndama katika ngitili, yupo mkulima aliyeinama katika pamba yake. Wenyeji hawa hawakuomba mashindano. Kuwaambia wakae mbali na njia yao ya kila siku ni kuwatwisha mzigo usio wao. Mwenye wajibu wa kuzuia mshale ni yule anayeuachia.

Namna ya kuuzuia yajulikana. World Archery, shirikisho la dunia la mchezo huu lililoundwa mwaka 1931, limeweka kanuni zake. Shabaha ikiwa mita 90 kutoka kwa mpigaji, mita 50 nyuma yake lazima ziwe tupu. Ikisogezwa hadi mita 30, eneo hilo tupu huwa mita 110. Maana yake ni kwamba tangu aliposimama mpigaji hadi mwisho wa hatari ni mita 140, wala hazipungui kwa sababu shabaha iko karibu. Pembeni nako huachwa mita 20 kutoka ncha za mstari wa shabaha.

Pasipo nafasi hiyo, na ijengwe kinga nyuma ya shabaha: tuta la udongo au wavu madhubuti, ulio juu kiasi cha kuzuia mshale uliopita juu ya shabaha. Kanuni hizo zasema wazi kwamba ua wa miti si kinga. Hapa twapaza sauti, maana katika Usukuma ua wa minyaa ni jambo la kawaida. Minyaa huzuia ng'ombe na huficha nyumba, haizuii mshale. Tena humficha mtu aliye nyuma yake, mpigaji asimwone.

Yako na mambo yasiyohitaji fedha. Awepo mtu mmoja mwenye filimbi: mara mbili, wapigaji waje mstarini, mara moja, wapige, mara tatu, wakachukue mishale. Ikilia mara tano au zaidi, kila mtu aache mara moja, kwa kuwa pana hatari. Asivute uta mtu yeyote wakati mwenzake yuko mbele. Mishale ya sumu isiletwe kabisa katika mazoezi. Mwishoni mishale ihesabiwe, kwa sababu mmoja uliopotea majanini utaonekana tena siku utakapochoma wayo wa mtoto.

Mahali penyewe pasichaguliwe na wapigaji peke yao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka usimamizi wa ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji. Basi jambo hili lipelekwe mkutanoni, na wanaopita njia ile kila alfajiri, hasa akina mama, wasikilizwe kwanza.

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mshale nao ni vivyo hivyo. Vijana na wapige shabaha, na sifa ya Maswa ienee. Lakini jirani apite njia yake bila hofu.